Wanda Mmoja wa Hewa

Nilifukuzwa kazi mara moja tu maishani, na sababu yake ilikuwa upana wa kidole. Wazee wetu waliuita wanda: kidole kimoja kilicholazwa, si kilichosimamishwa. Nyinyi vijana wa kikundi cha vyombo mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu kusawazisha ngalawa, kwa kuwa bega langu la kulia halinyanyui tena kafi, na nikieleza kwa mdomo, mnasema, naruka mambo. Nitaandika. Lakini kabla ya miti na kamba, nataka ieleweke kwamba sikujuta siku ile na sijuti leo, ili mtu asisome kurasa hizi akitafuta mahali ninapoomba radhi. Mahali hapo hapapo.

Ngalawa ninayoizungumza si ile ya tanga. Ni ile nyembamba ya kuvukia, inayoendeshwa kwa kafi penye kina na kwa pondo, mti mrefu wa kusukumia, penye maji mafupi. Ukiketi ndani yake, magoti yako yanagusa mbavu zote mbili. Gogo lililochongwa namna hiyo halina nia ya kukaa wima. Liweke majini peke yake, uingie, ukohoe, utaogelea. Ndiyo maana tunalitia mikono. Miti miwili inakatiza juu yake, mmoja mbele na mmoja nyuma, na kila upande, kwenye ncha za miti hiyo, kuna ubao unaoshuka kuelekea majini. Miti hiyo na mbao zake ndiyo matengo.

Hayo kila mtoto wa pwani anayajua. Jambo ambalo hata watu wazima hulikosea ni kudhani kwamba mbao zote mbili zinatakiwa kufanya kazi kwa pamoja. Hazitakiwi. Ngalawa ikikaa kwenye maji tulivu na mtu mmoja katikati, ubao mmoja ulale majini na wa pili uning'inie juu ya maji kwa wanda mmoja. Mtu akisogea, au wimbi likipita, zinabadilishana. Ukizizamisha zote mbili, umeifunga ngalawa mikono. Itakwenda kwa uzito kama inaburuta fungu la mwani, na siku mawimbi mafupi yakija pande zote mbili kwa pamoja, mbao zitanyanyuliwa huku na huku, tumbo la ngalawa libaki bondeni, na watu wote na magunia yao waning'inie kwenye miti miwili kama nguo kwenye kamba. Mti una subira yake, kisha inakwisha. Ukiziacha zote mbili juu mno, nako ngalawa itayumba mpaka aliye mwoga kuliko wote asimame, na akisimama huyo mmoja, mmesimama wote.

Aliyenifundisha hayo hakuwa fundi. Alikuwa Bi Somoe, mwanamke wa Kivinje aliyekuja kijijini kwetu kwa ajili ya ndoa, mume akafa, akabaki na ngalawa yake. Wakati wa maji makubwa, bahari inapotoka mpaka miamba ikabaki mikavu, alikwenda nayo kutafuta pweza. Wanaume walimwambia kuwa ngalawa haimfai mwanamke. Aliwajibu kwa utulivu, "Mume wangu alifia kitandani, ngalawa ikiwa imefungwa mtini. Sasa kisichofaa hapo ni kipi?" Wakamwacha.

Nilianza kupiga kafi kwake wakati ule ambao Uhuru ulikuwa bado mpya na watu wakipaka rangi za bendera kwenye milango. Siku ya kwanza hakunionyesha kitu. Aliniambia nifumbe macho nisikilize. Nilisikia maji, nilisikia pumzi zangu. Baada ya muda nikasikia pia ubao ukigonga maji upande wa kulia, kimya kidogo, kisha ukigonga upande wa kushoto. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu mwenye adabu anayebisha hodi nyumba isiyo yake.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia."

"Ikinyamaza usiulize bahari ina nini. Uliza wewe umeifunga vipi."

Kuchonga nilijifunza baadaye kwa mafundi wa mji wa Masoko, kwa kusimama karibu nao na kuwakera. Kusoma vipimo nilijifunza peke yangu, kwa kitabu cha hesabu cha darasa la tano kilichokosa jalada na kurasa za mwanzo, kwa hiyo mpaka leo sijui hesabu za darasa la tano zinaanzaje, ila najua zinavyokwisha. Nilikuwa na daftari la vyombo. Kila ngalawa niliyoifunga niliiandikia urefu wa gogo, urefu wa miti, aina ya mti, ubao umeshuka kiasi gani, na safu ya mwisho: inasema au imenyamaza. Nawashauri muwe na daftari kama hilo. Kichwa hukumbuka vyombo vilivyofaulu tu.

Makosa yangu nayo yamo humo. Kosa la kwanza kubwa lilitokana na adabu. Nilikuwa sijamaliza mwaka kwenye kafi. Alikuja mwalimu wetu wa chuo, aliyenifundisha Kurani mimi na kaka zangu wote, mtu mzito wa mwili na wa heshima, amevaa kanzu iliyopigwa pasi kwa ajili ya maziko ng'ambo. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akaingia, akaona maji ya kisigino ndani ya ngalawa, akaketi juu ya mti wa mbele ili asilowe. Nilijua hapaketiwi hapo. Mtu akiketi juu ya mti, uzito wote unapanda na ubao haujui umbebe nani. Lakini ningewezaje kumwambia mwalimu wangu akae chini, kwenye maji machafu, na kanzu ile? Nilipiga kafi huku nikiomba dua alizonifundisha mwenyewe. Katikati ya mkono wa bahari aligeuka kuniuliza habari za mama, na kugeuka kule kulitutosha. Tuliishikilia ngalawa sote wawili, tukiwa majini hadi kidevuni, mpaka tukakanyaga mchanga.

Alikamua kanzu, akanitazama. "Mfaume," akasema, "adabu yako imenilowesha."

Tangu siku ile, awe nani awe nani, namsalimia kwa heshima zote, kisha namwambia mahali pa kukaa. Mwenye kafi ndiye mwenye chombo. Shikamoo haikai juu ya mti wa mbele.

Kosa la pili lilikuwa la fundo. Nilikuwa nafungia fundo chini ya mti, kwa sababu kwa juu lilionekana baya na mimi nilipenda kazi safi. Huko chini kamba ya kumbi la nazi ilisagwa na ukingo wa gogo kila ubao ulipogonga, mpaka siku moja tengo zima la nyuma likaaga na kwenda zake. Fundo likae juu, mahali ambapo jicho la kila abiria linaliona, hata kama ni baya. Na msitumie misumari. Msumari hushika mpaka unapopasua mti. Kamba hulegea kidogo, na kulegea huko ndiko kunakomrudisha mtu nyumbani.

Sasa nije kwenye lile mlilotaka hasa, habari ya kufukuzwa kwangu.

Wakati wa vijiji vya ujamaa, watu wa ng'ambo ya mkono wa bahari, wengi wao wakulima wa kabila la Wamachinga, walihamishiwa upande wetu ili tuwe pamoja na shule na kisima. Nyumba zao walizivunja, lakini mikorosho haihamishwi. Ilibaki kule kule ng'ambo. Kwa hiyo kila msimu wa korosho wakulima waliokuwa hawajawahi kukanyaga maji kupita magoti walipaswa kuvuka asubuhi na kurudi jioni na magunia. Kijiji kikaanzisha mradi wa ngalawa sita, mimi nikawekwa kuwa fundi. Nilikabidhiwa tezo mpya ya kijiji ya kuchongea. Niliipenda tezo ile kuliko inavyopaswa mtu kupenda chuma.

Mradi ulikuwa na msimamizi kutoka ofisi ambayo sitaitaja. Tulimwita Ndugu Mratibu. Kwa haki, hakuwa mtu mbaya. Alitembea kwa miguu kama sisi, alilala mkekani, alikula muhogo mkavu bila kuuliza kitoweo. Lakini alizaliwa mbali na bahari, na alikuja na mchoro. Siku ya kwanza alizunguka ngalawa mbili nilizokwisha kufunga, akainama, akafunga jicho moja, akauliza kwa nini zimekaa upande. Nilimwambia ngalawa lazima ilale kidogo. Akaandika. Wiki iliyofuata, mbele ya mkutano, alisoma kwenye daftari lake kwamba fundi mwenyewe amekiri vyombo vya kijiji vinalala, na kwamba katika nchi inayojenga, hakuna nafasi ya kulala. Watu wa pwani walicheka mpaka akadhani wanamuunga mkono.

Baada ya mkutano alinifuata kiwandani, pale pwani nilipochongea. Mchoro wake ulionyesha mbao zote mbili zimezama sawasawa, sentimita nne kila upande.

"Ndugu Mfaume," akasema, "sisi tunajenga usawa. Kwa nini upande mmoja ubebe na mwingine uning'inie?"

"Zinapokezana, Ndugu. Huu ukichoka, ule unashika."

"Na zamu anapanga nani?"

"Maji."

Aliitazama bahari kana kwamba ilipaswa kuwa imejiandikisha mahali fulani. Kisha akaniambia nifunge kama mchoro unavyosema.

Hapa nataka mnielewe, kwa kuwa kuna watu wanaosimulia kwamba nilikataa kwa kiburi. Sikukataa kwanza. Nilifunga. Nilichukua ngalawa moja, nikazizamisha mbao zote mbili sentimita nne kwa rula yake mwenyewe. Nikapakia magunia ya mchanga mahali pa watu, nikamwomba Bi Somoe, ambaye kwa wakati huo nywele zake zote zilikuwa nyeupe, aketi nyuma asikilize. Tulivuka na kurudi. Ilikuwa kimya. Tulivuka tena. Safari ya sita, maji yakitoka na upepo ukiingia, mti wa mbele ulitoa sauti kama ya mtu anayevunja muwa kwa goti. Bi Somoe hakugeuka. Alisema tu turudi. Tulipoupindua mti tukakuta ufa upande wa chini, unaoweza kuingiza ukucha.

Niliupeleka mti huo ofisini. Ndugu Mratibu akasema mti ulikuwa mbovu. Hilo lingewezekana, kwa hiyo nilikata mwingine wa mkoko, mzima, nikaurudia mtihani wote. Ufa ukatokea pale pale. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba sitafunga ngalawa nyingine kwa namna ile. Nikamwonyesha pia, chini kabisa kwenye pembe ya mchoro wake, maneno madogo yaliyosema kwamba vipimo hivyo ni vya maji tulivu. Alikuwa hajayasoma. Nadhani hilo ndilo lililomuudhi, kwamba nimeyasoma mimi.

Kazi akapewa Selemani, rika langu, mchongaji mzuri tu. Alinijia nyumbani kabla ya kuanza, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Mfaume, nina watoto. Nitafunga wanavyotaka."

"Funga. Ila fundo likae juu."

"Unanilaumu?"

"Nitakulaumu fundo likikaa chini."

Sikumlaumu, na nawaomba nanyi msimlaumu. Si kila mtu anayefunga vibaya hajui.

Ngalawa zote sita zikawa sawasawa kwa rula. Msimu wa korosho ukaanza. Siku chache baadaye, moja ikirudi na watu tisa na magunia yao, upepo ukakutana na maji yanayotoka, mti wa mbele ukakatika. Bahati ilikuwa fungu la mchanga. Ulikatikia juu yake, maji yakiwa kifuani. Wote walitoka. Mzee mmoja alikunywa maji ya kutosha, alilazwa chini ya ngalawa ikiwa imepinduliwa ili apate kivuli, akatapika, akaishi. Korosho za watu tisa, kazi ya wiki nzima, zilielea kuelekea mlangoni mwa bahari na kwenda kuwalisha kaa.

Nilikuwa nimeketi na mke wangu tunakula habari ilipofika. Nilipoinuka kukimbilia pwani, niliona kwenye uso wa aliyeileta kwamba alikuwa na jambo la pili na hakujua aanzeje. Jambo lenyewe lilikuwa hili: Ndugu Mratibu amesema ni hujuma, na mwenye kuhujumu ni mimi. Ati nimekata kamba ili mchoro uonekane mbaya.

Nyinyi mmezaliwa juzi. Neno hujuma siku zile halikuwa neno la kutaniana. Mtu aliyeitwa mhujumu aliweza kupanda gari la kwenda kuhojiwa, na nyumbani wakabaki wanahesabu siku.

Mkutano uliitishwa darasani, watu wakasimama mpaka madirishani. Niliomba kitu kimoja, mti uliovunjika uletwe kama ulivyo, kamba zake zikiwa zimefungwa. Ukaletwa, ukawekwa juu ya madawati mawili. Niliwaambia watu wapite mmoja mmoja watazame. Mafundo yote manne yalikuwa juu, makavu, mazima, hakuna uzi uliokatwa. Mti ulikuwa umevunjika kati ya fundo na fundo, na sehemu iliyovunjika ilikuwa nyeupe na yenye nyuzi ndefu, kama mti mzima uliozidiwa. Selemani alikuwa amefunga juu. Kwa hilo ninamshukuru kila mwaka.

Habari ya kukata kamba ikafa hapo hapo. Lakini Ndugu Mratibu hakuweza kuondoka bila kitu. Alitoa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba mimi, Mfaume, nakiri kuwa maneno yangu kuhusu vyombo yaliwatia wananchi hofu, kwa hofu hiyo wakakaa vibaya, na kwa kukaa vibaya ajali ikatokea. Nikitia sahihi, narudi kiwandani siku hiyo hiyo, nifunge kwa mchoro. Nisipotia, natoka kwenye mradi, nakwenda shamba la muhogo la kijiji, na tezo nairudisha.

Niliisoma mara mbili, kwa sababu nasoma polepole na kwa sababu nilitaka wote waone naisoma.

"Nikiandika jina langu hapa," nikasema, "kesho mti ukikatikia kwenye kina, nitakuwa nimewazamisha mimi."

"Mti hautakatika," akasema.

"Basi andika hilo wewe, utie sahihi."

Hakuandika. Nilikwenda nyumbani, nikaileta tezo, nikaiweka juu ya dawati karibu na ule mti, makali yakitazama upande usio na watu. Mkononi nilihisi wepesi mbaya. Jioni mke wangu aliniuliza kama jembe nalo nitalitafutia hoja au nitalima tu. Nikalima.

Mambo yaliyofuata hayakuwa mpango wangu, ingawa ningependa kusema yalikuwa. Mikorosho ilikuwa inaangusha, nguruwe pori wanakula, na mvua za vuli zilikuwa zinanusa karibu. Korosho ikilowa inakuwa nyeusi na hakuna anayeitaka. Lakini wakulima walikuwa wamegoma kuvuka. Walikaa pwani wakizitazama ngalawa kama mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumuuma.

Siku ya tatu au ya nne, Bi Zaituni alinikuta shambani. Huyu alikuwa mmoja wa wale tisa, mwanamke wa Kimachinga mwenye sauti kubwa, aliyekuwa hajui hata kunyoosha mguu kuingia chomboni bila kushikwa.

"Fundi," akaniita.

"Fundi ni Selemani. Mimi nalima."

"Haya, wewe usiye fundi, hebu nioneshe hicho kidole kinawekwa wapi."

Nilimwambia nimekatazwa kugusa vyombo. Akasema hajaniomba niguse, ana mikono yake miwili na kamba ya kumbi ameisokota mwenyewe. Nikatazama huku na huku. Shamba lilikuwa la kijiji, jembe la kijiji, lakini nilichokijua hakikuwa kwenye orodha ya vitu nilivyorudisha.

Tulianza na beseni la maji. Nilikata bua la mtama nikalifanya gogo, njiti mbili zikawa miti, vipande vya ganda la muhogo vikawa mbao. Aliona mwenyewe jinsi kigogo kinavyokaa mikono yote miwili ikizama, na kinavyokaa ikipokezana. Kesho yake akaja na wenzake wawili, kesho kutwa saba. Niliwafundisha kupima kina cha ubao kwa kidole walichozaliwa nacho. Niliwafundisha kusikiliza, nikawaambia mtu asipige soga mpaka chombo kimesema. Hilo la mwisho ndilo lililowashinda zaidi.

Kisha walishuka pwani wakati maji yametoka na ngalawa zimelala mchangani. Mimi nilibaki juu kwenye kingo, jembe begani, sikukanyaga mchanga. Selemani alikuwepo zamu yake ya kulinda vyombo. Alipowaona wanafungua kamba, akasema ana kiu, akaenda kunywa maji, na kiu ile ilimchukua asubuhi nzima.

Walikosea mara ya kwanza, wakafungua, wakafunga upya. Moja walizidisha hewa chini ya mbao, ingeyumba. Niliwaonyesha kwa kidole kutoka kule juu, shusha, shusha, basi. Maji yalipojaa wakaingia watatu watatu, wameng'ang'ania mbavu za ngalawa, midomo imefungwa. Nilikuwa mbali, lakini nilijua zimesema, kwa sababu Bi Zaituni alianza kuongea tena.

Korosho zilivuka. Ndugu Mratibu aliporudi kutoka safari zake alikuta ngalawa sita zimekaa upande, kila moja kwa namna yake, kwa sababu kila moja ilibeba kidole cha aliyeifunga, na vidole vya watu havilingani. Aliuliza nani amevigusa vyombo. Watu walikuwa wengi pwani, wanapanga magunia, na hakuna aliyeinua kichwa isipokuwa Bi Zaituni.

"Tumefunga sisi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Si ulisema vyombo ni mali ya wananchi, Ndugu? Tukajitazama, tukaona ndio sisi."

Alimgeukia Selemani, Selemani akasema yeye hajagusa hata kamba moja, na ilikuwa kweli tupu. Alinitafuta mimi kwa macho. Nilikuwa kingoni, juu, jembe begani. Nilimpa salamu kwa mkono kwa heshima yake yote, na sikushuka.

Alikuwa na taarifa ya korosho ya kuandika, na korosho zilizobaki zilikuwa ng'ambo. Bi Zaituni alimwambia avue viatu, akamwonyesha pa kukaa, chini kabisa, na yule bwana akakaa chini na suruali yake ya khaki. Walivuka, wakarudi jioni. Upepo ulikuwa umeinuka. Waliokuwa naye wanasema alikwenda ameshika mbavu kwa mikono miwili, na kurudi alikuwa ameshika kwa mmoja. Aliposhuka hakusema lolote kuhusu sentimita. Mchoro ulibaki umebandikwa ofisini mpaka mchwa wakausoma wote.

Lakini msifikiri nilirudishwa. Kumrejesha fundi kungekuwa kukiri, na ofisi haikukiri. Nililima muhogo misimu miwili, na muhogo wangu ulikuwa mzuri, nasema bila haya. Baadaye Ndugu Mratibu akahamishwa. Asubuhi moja nilikuwa napita pwani kwenda shambani. Selemani alikuwa peke yake akipambana na mti mpya wa nyuma, ncha moja imeinuka kila anapofunga nyingine. Hakunisalimia. Hakuuliza habari za nyumbani.

"Mfaume, shika upande huo."

Nikaweka jembe chini, nikashika. Alipomaliza kufunga upande wake akanirushia kamba nifunge wangu, na tezo ilikuwa karibu na goti lake, akaisogeza kwa mguu mpaka ikafika kwangu. Nilibaki kiwandani hapo mpaka bega liliponitoa.

Barua ya kunirudisha kazini haijaandikwa hadi leo. Ikija nikiwa sipo tena, itumieni kufungia karanga.